Mjadala: Mkoa nao uwe na baraza la kuchaguliwa?

Wa Uyole: Wakuu, kata ina diwani tuliyempigia kura, halmashauri ina baraza lake. Ukipanda ngazi moja tu, mkoani, humkuti hata mmoja tuliyemchagua kwa kazi ya huko. Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais, Katibu Tawala vilevile. RCC, yaani Kamati ya Ushauri ya Mkoa, inakutanisha wabunge, wenyeviti na wakurugenzi, lakini ni kamati ya ushauri. Mkoa wa Mbeya una halmashauri 7. Barabara ya mazao ikivuka mpaka wa halmashauri mbili, nani anaamua?

Kihesa: Kamwene. Barabara za wilaya ziko kwa wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, tangu 2017; za mkoa ziko kwa wakala wa barabara kuu na za mikoa, TANROADS. Hilo baraza lako lingeamua barabara ipi? Na mapato lipate wapi? Ushuru wa mazao ni wa halmashauri, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo nao ni wa halmashauri. Litaongeza geti la ushuru. Wakulima wa viazi wenyewe wanashona lumbesa, yale magunia ya kujaza kupita kiasi, kukwepa ushuru, watakubali kulipa mara mbili?

Isyonje: Dada, hapo umetukosea. Ushuru wa mazao haulipwi na mkulima, unalipwa na mnunuzi, usiozidi asilimia 3 ya bei ya shambani. Na lumbesa hashoni mkulima! Mnunuzi anakuja na magunia yake na wapakiaji wake. Wanajaza mpaka mdomoni, wanapanga viazi vingine juu kimoja kimoja, wanasuka kamba kuvizunguka mpaka gunia linaota kichwa. Bei inabaki ya gunia moja. Kisheria gunia lisizidi kilo 100, basi.

Kihesa: Asiyetaka lumbesa si akatae kuuza?

Isyonje: Akatae avipeleke wapi? Kiazi kilichochimbwa kikipigwa jua kinageuka kijani, kikinyeshewa kinaoza. Mnunuzi anajua, ndiyo maana anafika jioni.

Mtendaji Mstaafu: Tulieni tupige hesabu. Geti linahesabu magunia. Tuseme bei ya shambani ni shilingi 60,000 kwa kilo 100, asilimia 3 ni 1,800. Lumbesa ya kilo 140 inatozwa 1,800 ileile, wakati kwa uzito ingekuwa 2,520. Halafu kuna ule msamaha wa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaovuka halmashauri. Lumbesa 8 ni kilo 1,120, ila kwenye karatasi ni magunia 8, yaani kilo 800. Zinapita bure. Dawa ni mzani pale mzigo unaponunuliwa, na sheria ndogo ya kutoza kwa kilo: rasimu, maoni ya wananchi, baraza, idhini ya Waziri, Gazeti la Serikali.

Wa Uyole: Mzee, umenisaidia. Mbeya Vijijini wakiweka mzani na Rungwe wasiweke, wanunuzi wote wanahamia Kiwira. Nani atazibana zote mbili?

Mafinga: Lakini ngazi mpya juu ya ngazi ni mzigo. Kenya walipoanza na kaunti 47 mwaka 2013, mabaraza ya zamani ya miji na wilaya yaliondoka. Sisi tulishajaribu kuvuta kila kitu mkoani, ile ya madaraka mikoani, sabini na ngapi vile...

Mtendaji Mstaafu: 1972. Halmashauri za miji zikarudi 1978, za wilaya zikaanza tena 1984.

Isyonje: Mimi bado nasubiri dada Kihesa afute ile kauli.

Kihesa: Nafuta neno "wakulima". Wanaokwepa ni wanunuzi. Geti la pili bado nalipinga.

Isyonje: Asante. Sasa Mzee, huo mzani nani anauhakiki?

Mtendaji Mstaafu: Wakala wa Vipimo, kila mwaka, na stika inabandikwa. Ukiona mzani hauna stika ya mwaka huu, usishushe mzigo.

Wa Uyole: Na baraza la mkoa je?

Isyonje: Ngoja kwanza. Mkulima akishusha mzigo jioni na stika ya mzani imeisha, anamwita nani?