Video ya nyanya: kwa laptopu yangu maandishi yako, kwa wengine hakuna. Nifanye nini?

Mnyore_Kondele
Wasee mko poa? Niko na shida nimezunguka nayo wiki mzima. Nilirekodi nyanya akitusimulia mambo ya zamani, venye walikuwa wanaishi kabla lami ifike, ndoa zao, mashamba, kila kitu, na anaongea Kinyore mwanzo mwisho. Sasa watoto wa kaka yangu wamezaliwa Nakuru huko Section 58, mama yao ni Mkikuyu, Kinyore wanajua ya kusalimia tu, kwa hivyo nikakaa chini nikaandika tafsiri ya Kiswahili mstari kwa mstari, dakika 46 mazee, vidole viliisha. Halafu nikaongeza ya Kiingereza ju kuna binamu ako Uingereza na bibi yake ni mzungu. Zote mbili nikazifunga ndani ya faili moja ya MKV nikitumia MKVToolNix.

Kwangu, Windows na VLC, kila kitu fiti. Kaka pia ako na Windows lakini anafungua na ile pleya ilikuja na mashine, picha iko, sauti iko, maandishi zii. Anko ako na Mac, QuickTime imekataa faili kabisa, haijaribu ata. Binamu ako chuo Maseno anatumia Ubuntu, kwake yanatokea ya Kiingereza tu anasema ya Kiswahili nimesahau kuweka na mimi najua niliweka. Na TV ya nyumbani Luanda, hii ya Vihiga, ndio imenimaliza, faili haikubali ata kuingia kwa flashi, inaniambia ni kubwa sana na flashi ni ya GB 32 na iko tupu!! Faili ni GB 6.2.

Jumamosi ya wiki ijayo tunakutana wote nyumbani. Nisaidieni.

shabab_nkr
Si uchome tu maandishi juu ya picha uachane na hii maneno yote. Video ikishachomwa inaonekana kila mahali, hakuna cha pleya.

FundiWaCyber
@shabab_nkr ngoja kwanza usimkimbize. Mnyore, hapo uko na shida nne tofauti na umezifunga pamoja kama hizo sabtaito zako.

MKV ni kama kiondo. Ndani kuna picha, kuna sauti, kuna maandishi ya lugha mbili, kila moja inajitegemea. Pleya ndio inatoa vitu kwa kiondo na kila pleya iko na tabia yake. VLC inatoa kila kitu. QuickTime ya Mac haijui hicho kiondo kabisa, anko asihangaike nayo, aweke VLC ama IINA, zote ni za bure. Kaka naye, pleya za Windows mara nyingi huwa zinacheza MKV lakini maandishi yamezimwa, kuna kialama cha maandishi hapo chini akiguse achague Kiswahili. Akikosa aweke VLC pia, abonyeze V kwa kibodi, kila ukibonyeza inaruka lugha inayofuata mpaka inazima.

Ya Maseno ni hivi, pleya huwa inaangalia lugha ya kompyuta, yake ni Kiingereza, ikapata Kiingereza ikatosheka. Hukusahau kitu. Rudi MKVToolNix, bonyeza ule mstari wa Kiswahili, weka lugha iwe swa halafu uiweke kama ndio ya kwanza kuchaguliwa, hapo kwa "Default track". Ya Kiingereza uitoe hiyo alama. Haichukui ata dakika mbili ju haigusi picha, inapanga upya tu.

ubuntu_tu
Kuongezea hapo kwa Ubuntu, kama ni ile pleya ilikuja nayo mwambie aende kwa menyu yake atafute lugha za maandishi ziko hapo zimejificha. Ama aandike tu sudo apt install vlc maisha yaendelee. Mimi natumia mpv, ukibonyeza j inabadilisha maandishi. Wengi huwa wanasema Linux haisomi kumbe ni kodeki, zile za kufungua video, hawajaweka.

mama_njoro
Samahani vijana mimi si mtu wa kompyuta sana. Kwani hiyo laptopu haina HDMI? Beba laptopu, beba waya, chomeka kwa TV ya nyumbani, watoto waone nyanya yao.

Mnyore_Kondele
@mama_njoro mama umenimaliza 😂😂 wiki mzima na hilo wazo halijapita kichwani. Lakini kuna tatizo, Jumamosi niko zamu mpaka saa sita mchana na laptopu ni ya kazi haitoki ofisini. Flashi inatangulia na kaka Ijumaa. Na pia kila nyumba inataka nakala yake.

Fundi, ya default imekubali, nimetumia binamu kipande cha dakika mbili Kiswahili kimetokea chenyewe. Anko ameweka VLC. Imebaki TV.

FundiWaCyber
Flashi yako imepangwa kwa FAT32, na hiyo haibebi faili moja inayozidi GB 4, ata flashi ingekuwa ya GB 500. Unaweza kuipanga upya iwe exFAT lakini TV nyingine za zamani haziisomi utafika Luanda uambiwe flashi haina kitu. Mimi ningepunguza video. Ya simu ya dakika 46 haina haja ya GB 6, weka HandBrake, programu ya kubana video, itakutolea MP4 ya GB moja na kitu na jicho halitajua.

Halafu maandishi usiyachome. TV nyingi zinasoma SRT, yaani faili ya maandishi peke yake, ikiwa kando ya video bora jina liwe lile lile: nyanya.mp4 na nyanya.srt, kwa folda moja. Kama SRT ya mwanzo ulifuta unaweza kuitoa kwa MKV na ffmpeg, programu ya kuandikia amri:

ffmpeg -i nyanya.mkv -map 0:s:0 nyanya.srt

Hiyo 0 ya mwisho ni maandishi ya kwanza. Ukitaka ya pili weka 1.

shabab_nkr
Bado nasema choma. Mnazunguka mlima na mlango uko hapa. Kwa HandBrake kuna sehemu ya Subtitles, unaweka tiki kwa Burn In, kwisha. Na akitaka kutuma kwa group ya familia? WhatsApp ikibana video hizo sabtaito za ndani zinapotea.

FundiWaCyber
Hapo kwa WhatsApp uko sawa, sikukatai. Ya group achome. Lakini ile MKV isifutwe, hiyo ndio mama. Ukishachoma huwezi toa, huwezi zima, huwezi rekebisha ata herufi moja. Kuna mtu aliniletea video ya harusi imechomwa jina la bibi harusi vibaya na ya mwanzo amefuta, nilimwambia tu pole.

Mnyore_Kondele
Update. HandBrake imechukua masaa matatu na nusu, laptopu ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga mahindi, na mara ya kwanza stima ilipotea ikiwa asilimia 80 nikaanza upya. Imetoka GB 1.4. Nimejaribu kwa TV ya jirani hapa Kondele na maandishi yametokea!! Lakini oneni:

212
00:31:14,200 --> 00:31:17,800
Siku hiyo ng’ombe walikataa kuvuka.

Kila mahali kuna ng' imekuwa huo uchafu. Ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, zote. Kwa laptopu hakuna hiyo kitu.

ubuntu_tu
Haha uliandikia Word, ama? Word inapinda ile alama ya ng' yenyewe inakuwa ya kupinda badala ya kusimama, kwa UTF-8, namna kompyuta inahifadhi herufi, hiyo alama moja inabebwa na baiti tatu, na TV inasoma kila baiti kama herufi yake, ndio unaona vitu vitatu. Fungua SRT na Notepad, Ctrl+H, kopi ile ya kupinda weka juu, chini andika ya kawaida kutoka kwa kibodi, badilisha zote. Sisi Waswahili na ng' zetu tunaumia kuliko Waingereza.

mama_njoro
Hiyo ya ng' nimeiona kwa televisheni yangu miaka mingi nikidhani ni lugha ingine.

Mnyore_Kondele
Zilikuwa 61. Zimeisha zote. Nimeweka MP4 na SRT kwa flashi, nikachoma ingine ya group nikatuma, MKV iko kwa laptopu na kwa hard disk. Mungu awabariki.

Mnyore_Kondele
Niko Luanda, Jumamosi usiku. TV imesoma. Watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, wengine kwa dirisha. Sasa sikieni. Msichana wa kaka, ako darasa la sita, alikuwa amekaa karibu na nyanya akawa anamsomea maandishi kwa sauti ju nyanya haoni vizuri na alikuwa anataka kujua nimeandika nini. Tulipofika ile sehemu ya kutoka shamba la kwanza mtoto akasoma "Ndipo tukahama." Nyanya akasema zima. Tukadhani amechoka. Akasema kwa Kiswahili, ili mtoto asikie, mimi sikusema tulihama. Tulifukuzwa.

Nimerudia sauti mara tatu na ni kweli, ni mimi niliandika vile ilinijia haraka. Mbele ya watu wote.

Ya TV nimerekebisha hapo hapo, nimeomba laptopu ya binamu, nikafungua SRT, neno moja, nikahifadhi, flashi ikarudi kwa TV tukaendelea na nyanya akaitikia kwa kichwa.

FundiWaCyber
Na ile umetuma kwa group?

Mnyore_Kondele
Hiyo bado inasema tulihama. Watu 43 wameshaiona na anko ameshaituma Uingereza. Kesho nikirudi Kondele naichoma upya.

shabab_nkr
Pole bana. Safari hii mpe nyanya asomewe yote kwanza.