Baskeli Jumapili Unguja: magofu ya Kidichi, Mtoni, Maruhubi

Ami Haji: Assalamu alaykum. Jumapili tutoke Darajani saa 12:15 asubuhi. Kidichi kwanza, kurudi ndiyo tupite Mtoni na Maruhubi.

Zuhura: Waalaykum salaam Ami. Maruhubi si iko njiani, kilomita 4 hivi tu? Tena kwa kwenda iko mkono wa kushoto, hatuvuki barabara.

Ami Haji: Kweli mwanangu, lakini kilima ndicho kinachoamua. Bububu mpaka Kidichi ni kilomita 4 hivi na ni kupanda. Tukikifikia saa 4, jua limeshakuwa kali na watoto watasukuma baskeli njia nzima. Kwa kurudi tutashuka na kuvuka kwa miguu. Asivuke mtu akiwa juu ya baskeli, daladala hazingoji.

Salum Fundi: Breki zitazamwe leo, msingoje Jumapili. Raba iwe mbali na ringi milimita 2 au 3. Ukibana mkono wa breki ukagusa usukani, waya umelegea, ukazwe. Mkiteremka kutoka Kidichi bana uachie, bana uachie. Ukishikilia moja kwa moja raba inapata moto, inashika kidogo. Na usibane ya mbele peke yake, itakurusha.

Mwanaisha: Pancha je? Kiraka changu kila mara kinabanduka.

Salum Fundi: Unakibandika solusheni, ile gundi ya tyubu, ikiwa mbichi. Sugua tyubu kwa msasa mpaka mng'ao utoke, paka solusheni nyembamba kuzidi ukubwa wa kiraka, ngoja dakika 5 mpaka ukiigusa isishike kidole, ndipo ukibandike na kukandamiza. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi polepole. Mwiba ukibaki, pancha ya pili iko mita mia mbele. Chukueni pampu na spana namba 15, nati nyingi za gurudumu la nyuma ni hiyo. Tyubu ya akiba mtazame saizi, ya 26 haifai kwenye ringi ya 28.

Zuhura: Watoto wanauliza huko Kidichi kuna nini hasa.

Mwalimu Asha: Hamamu, yaani nyumba ya kuogea, aliyoijenga Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrzad. Waonyesheni mapambo ya chokaa ukutani: ndege, mitende, maua. Ni kazi ya mkono wa Kiajemi, hakuna kama hiyo kisiwani. Mtoni ni kasri la Seyyid Said pia, na ndipo binti yake Salme alipozaliwa mwaka 1844. Maruhubi ni kasri la Seyyid Barghash, mtoto wa Seyyid Said aliyekuwa Sultani baadaye. Ghorofa yake ilikuwa ya mbao, moto wa 1899 ukaila, ndiyo maana mnakuta nguzo za mawe zimesimama bila kubeba kitu.

Mwanaisha: Nguzo hizo ndizo pazuri pa kuegemeza baskeli kwa picha.

Mwalimu Asha: Hapana, mwanangu, tafadhali! Ile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Pedali ikikwaruza, lipu inamomonyoka, maji ya masika yanaingia, jiwe linaachia. Simamisheni kwa stendi au mlaze mchangani. Na watoto wasipande juu ya kuta.

Ami Haji: Limeandikwa. Maji lita 2 kila mtu, fedha taslimu za tiketi, kanga ya kujifunika mabega. Bububu tunakata kulia, tusubiriane hapo kabla ya kupanda.

Salum Fundi: Nitakuwa wa mwisho nyuma, pampu ninayo mimi.