Kupima ubora wa maisha mtaa kwa mtaa kando ya Msimbazi: rasimu hii ina kasoro gani?

mpango_kata
Habari wadau. Kuna kata tatu za Dar es Salaam kando ya Mto Msimbazi zinazopimwa ubora wa maisha, ili ijulikane kazi ya uboreshaji ianze mtaa upi. Rasimu ina viashiria 12 vinavyogeuzwa alama 0 hadi 100, kisha unachukuliwa wastani. Mtaa wenye wastani wa chini kabisa ndio unaanza. Ufikiaji wa kituo cha daladala umepimwa kwa duara la mita 500 kuzunguka kituo. Dodoso ni kaya 384 kwa kata zote. Naomba mkosoe kabla wadodosaji hawajaingia mtaani.

njia_za_miguu
Duara hilo liondoe kwanza. Kipimo cha Umoja wa Mataifa (lengo la 11 la Maendeleo Endelevu) ni mita 500 hadi kituo cha basi, au kilomita 1 hadi usafiri wa watu wengi kama mwendokasi, lakini ni za kutembea njiani. Msimbazi una kona nyingi na vivuko vichache: nyumba inaweza kutazamana na kituo kilicho ng'ambo, na mtu bado akazunguka mbali kutafuta daraja.

Chukua njia za OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni (mradi wa Ramani Huria ulianza kuichora Dar 2015), kisha kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, kokotoa eneo linalofikika kwa kufuata njia. Kagua maungio kabla. Mistari miwili ikigusana kwa macho tu bila kuwa na nukta moja ya pamoja, programu huona njia imekatika na eneo hutoka dogo kuliko lilivyo. Vichochoro vilivyozibwa kwa ukuta muulize mjumbe wa shina.

Halafu rudia hesabu ukiwa umeondoa vivuko vinavyofunikwa na maji wakati wa masika. Tofauti ya ramani hizo mbili, kwangu mimi, ndiyo kiashiria kizito kuliko vyote kwa kata hizo.

kaya_na_dodoso
Kaya 384 zinatosha kwa jibu moja la eneo zima, kosa la ±5% kwa uhakika wa 95%, tena kaya zikiteuliwa kwa bahati nasibu tupu. Ukizigawa, kila kata inabaki na 128 na kosa linapanda karibu ±9%. Majirani nao hufanana, hivyo ukitaka ±5% kwa kila kata na ukiteua kwa makundi, kadiria 384 mara mbili: 768 kwa kata. Gawanya kwa 0.9 kufidia wasiopatikana 10%, unafika 854. Kupanga mitaa kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sampuli ya sasa haiwezekani; ngazi hiyo tumia ramani.

Usiulize "mna maji?" Mwenye bomba kavu atajibu ndiyo. Uliza dakika za kwenda, kupanga foleni na kurudi. Zikizidi 30, huduma haifikii kiwango cha msingi. Na wadodosaji warudi jioni na Jumamosi, la sivyo wanaoshinda kazini hawaonekani kabisa.

mizani
Wastani huo utawaumiza watu. Mtaa A: maji 90, usafiri 90, usalama wa mafuriko 10, wastani 63. Mtaa B: 60 kote, wastani 60. B unatangulia wakati A unazama! Zidisha alama hizo tatu kisha tafuta kipeuo cha tatu: A unashuka hadi 43. Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu ilihamia njia hiyo 2010. Alama ya chini iwe 1, kwa sababu sifuri moja hufuta zote.

Mipaka ya 0 na 100 iwe viwango vya kudumu, si mtaa mbovu na mtaa bora wa mwaka huu. Vinginevyo kipimo kijacho hakitalinganishwa na hiki. Na kila ramani ya alama iambatane na jedwali la vipimo ghafi, maana mhandisi wa mifereji hawezi kufanya lolote na "43".