Gari la kulala porini limekuja na katoni ya karatasi. Nazipangaje?

MwalimuKatuba

Jambo kwenu wote. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lubumbashi, si fundi, kwa hiyo mnivumilie.

Mwaka jana mimi na shemeji yangu tulichanga pesa tukanunua Land Cruiser HZJ78, ile ndefu, ambayo wazungu wawili walikuwa wameigeuza nyumba. Ndani kuna kitanda, frigo ya gesi, tangi la maji na pampu yake, bateri ya pili kwa ajili ya taa, na kajenereta kadogo. Walikuwa wanazunguka Afrika, safari ikawaishia hapa, wakapanda ndege. Sisi tunapelekea watoto ziwa la Tshangalele, na kiangazi tunataka kufika hifadhi ya Kundelungu waone maporomoko ya Lofoi.

Shida yangu si gari. Ni katoni iliyokuja nalo. Nimeipima kwa mizani ya unga ya mke wangu: kilo kumi na moja za karatasi. Kitabu cha gari kwa Kijerumani. Kitabu kinene cha mafundi kwa Kiingereza. Maelekezo ya frigo, ya pampu, ya chaja ya bateri. Fakitire za Kireno. Daftari dogo la mwandiko wa mkono, nalo la Kijerumani. Na risiti zilizofutika mpaka zimebaki nyeupe kama mayai.

Hiyo katoni niliiweka depo, chini kwenye sakafu ya sementi. Mnaoujua mji huu mmeshajua kilichofuata. Mvua za Novemba zilipoanza, mchwa wakapanda kwenye ufa wa ukuta. Wamekula kitabu cha frigo kuanzia jalada mpaka kwenye mchoro wa bomba la gesi. Kurasa za garantii wameziacha, maana hata mchwa hawana kazi nazo.

Halafu juzi, kwenye barabara ya Likasi, gari lilianza kupata moto. Fundi wa pale akafungua boneti, akaniuliza: "Mkanda wa distribisyo ulibadilishwa lini?" Nikabaki kumtazama. Karatasi za kilo kumi na moja nyumbani, na jibu moja sina. (Moto ulikuwa wa mpira wa radiata tu, alimaliza kwa saa moja.)

Sasa nimenunua klaseri mbili na nimeanza kupanga kwa alfabeti: B bateri, F frigo, J jenereta. Shemeji ananicheka. Ninyi mnapangaje?

FundiBelAir

Mwalimu, achana na B na F kwanza. Mkanda.

HZJ78 yako ina injini ya 1HZ, ya mazutu (dizeli), silinda sita, lita 4.2. Mkanda wake wa distribisyo, ule unaofanya vali na pistoni ziende pamoja, unabadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika ukiwa njiani, vali zinagongana na pistoni, na hapo utauza kitanda na frigo ulipie injini.

Najua utaniambia taa ya T-BELT kwenye dashibodi haijawaka. Hiyo taa inahesabu kilomita tu. Haiuoni mkanda. Tena mtu anaweza kuizima bila kugusa mkanda wowote, ni kazi ya dakika chache. Usiiamini taa, amini karatasi.

Kwa hiyo usiku wa leo chukua lile daftari la Kijerumani, utafute neno Zahnriemen. Kwenye fakitire za Kireno tafuta correia. Ukiliona, angalia kilomita zilizoandikwa pembeni. Huhitaji kujua lugha.

Jr_Golf

Vyee, tuko mwaka gani? Piga picha kila ukurasa na simu, weka kwenye wingu, karatasi washia mbabula (jiko la makaa). Hata hicho kitabu cha frigo kilicholiwa utakipata kwenye intaneti: fungua mlango wa frigo, ndani kuna kibati chenye namba ya modeli, andika hiyo namba na utashusha PDF.

Mama_Kasapa

Jr, kuhusu kibati cha frigo umesema vizuri, mwanangu. Kuhusu mbabula, ngoja kwanza. Ukiwa Kundelungu wingu utakaloliona ni la mvua.

Mwalimu, nilikuwa sekreteri miaka ishirini na sita katika ofisi yenye magari mengi, na karatasi za magari zilikuwa mezani pangu. Alfabeti ni ya mtu anayejua jina la kitu anachokitafuta. Wewe kando ya barabara ya Likasi, saa kumi na mbili jioni, mtoto analia, hukuwa unatafuta herufi. Ulikuwa unamtafutia fundi jibu. Kwa hiyo panga kwa kufuata nani anauliza.

Wa kwanza ni roulage, polisi wa barabarani. Farde (jalada) moja nyembamba, inakaa karibu na dereva: carte rose ya usajili wa gari, assurance (bima), vignette ya ushuru wa barabara, kontrole tekniki ya ukaguzi. Hizo tu, na ziwe za mwaka huu. Usimfungulie mtu anayekagua klaseri nzima, mtakesha hapo.

Wa pili ni fundi. Huyu hana haja na vitabu vyako, anataka kaye moja. Kaye ya kawaida ya mwanafunzi, yenye jalada gumu. Kila mstari: tarehe, kilomita, kilichofanywa, piese (kipuri) iliyowekwa na namba yake, nani alifanya, na kinachofuata kitakuwa kwa kilomita ngapi. Ukurasa wa kwanza uandike mambo yasiyobadilika: namba ya shasi, kodi ya modeli (zile herufi na namba) iliyo kwenye kile kibati cha chini ya boneti, aina ya mafuta ya injini, saizi ya mapine, namba za filtri. Siku ukimtuma mtu komine ya Kenya, hapa hapa mjini, kutafuta filtri ya mazutu, unampa picha ya ukurasa huo. Hatarudi na ya gari lingine.

Hapa watu wengi wanakosea: wanaandika kilomita kwa kila kitu. Nyumba yako hiyo ina saa tatu zinazotembea tofauti. Injini inahesabu kilomita. Jenereta inahesabu saa za kuwaka, nyingi kati ya hizo ndogo zinataka vidanje (kubadilisha mafuta ya injini) kila saa 100, hata kama gari halijatoka uani. Na mpira unahesabu miaka. Bomba la mpira la gesi lina tarehe imechapwa juu yake, isome. Pine nayo ina tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT: ukiona 2319, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pine inaweza kuwa na meno mazuri na imeshazeeka. Kwa hiyo gawa kaye mara tatu, uweke karatasi ya rangi katikati.

Wa tatu ni ninyi wenyewe usiku porini. Yule anayeamshwa saa nane kwa sababu maji hayatoki au frigo imezima. Huyo hasomi kitabu cha kurasa mia. Mwandikie karatasi moja, kwa Kiswahili, kwa mkono wako: fyuzi ya pampu iko wapi, bomba la gesi linafungwa wapi, frigo inawashwa vipi. Andika pia kwamba frigo hiyo haipoi vizuri gari likisimama mteremkoni, na kwamba gari likiwa limezimwa usiiache ikila bateri, tumia gesi. Ipeleke kwa watu wa plastifié waifunike kwa plastiki, uigundishe ndani ya mlango wa kabati. Wakati huo mkeo naye atajua kuiwasha, maana nina hakika sasa hivi ni wewe peke yako.

Wa nne ni atakayenunua gari siku moja. Zake ni fakitire zote na vitabu vinene, vikae nyumbani. Na nyumbani si sakafuni, mwalimu! Sanduku la chuma, juu ya matofali, mbali na ukuta, upate kupita mkono na ufagio. Ukiona njia ya udongo inapanda kwenye tofali unaibomoa siku hiyohiyo.

Risiti zilizofutika: zile ni karatasi za mashine ya joto. Zinaogopa joto, na ndani ya gari lililosimama juani ni kama tanuru. Tena usizitie kwenye nailoni laini zile zinazonuka, zinazifuta haraka zaidi. Siku unayopewa, piga fotokopi, ushikize ya mashine nyuma yake. Hapo ndipo simu ya Jr inafaa.

Jr_Golf

Sawa mama, nimesikia. Lakini mwalimu akipiga picha asiziache na majina ya kamera. Aanze na mwaka, mwezi, siku, halafu kilomita, halafu kazi: 2024-06-15_289400_vidanje. Zinajipanga zenyewe. Na ahifadhi ndani ya simu mbili, yake na ya shemeji.

FundiBelAir

Mama ameongea. Naongeza dogo tu. Kiangazi chetu kina vumbi, kwa hiyo kwenye kaye usiandike "filtri ya hewa" tu, andika kama ulipuliza au uliweka mpya. Watu wanapuliza filtri moja miaka mitatu, na kwenye karatasi inaonekana imehudumiwa vizuri. Pia grisi za kardani, vile vyuma virefu vya chini ya gari vinavyozungusha magurudumu: andika kila baada ya safari yenye kuvuka maji.

Mwalimu, Zahnriemen?

MwalimuKatuba

Aksanti sana, na mniwie radhi kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani.

Jumamosi mke wangu, shemeji na mimi tulimwaga kila kitu juu ya mkeka. Mama Kasapa, uliona mbali: mke wangu ndiye aliyeandika ile karatasi ya kabatini, baada ya kunilazimisha nimwonyeshe kila bomba. Alinikamata kwenye bomba la gesi. Limeandikwa 2011. Nimelikata na kulitupa.

Zahnriemen nimeipata mara mbili. Mara ya kwanza ni ya zamani mno. Ya pili iko ukurasa wa mwisho wa daftari, kilomita 198,340, imepigiwa mstari chini mara mbili, na pembeni pamechorwa uso unaocheka. Nimelinganisha na fakitire moja ya Kireno, kilomita ni zilezile, na kuna neno correia. Tarehe ni ya 2015. Leo gari linasoma 291,700. Kwa hiyo nimetembea 93,360, zimebaki kama 6,600. Naweza kwenda Lofoi na kurudi, halafu nibadilishe kwa utulivu?

FundiBelAir

Umesoma saa ya kilomita, hukusoma saa ya mpira. Mkanda wa 2015, mwalimu. Badilisha kabla ya safari, pamoja na roli inayoukaza, na useme wakuonyeshe wa zamani ukiwa mkononi.

MwalimuKatuba

Shemeji amesoma jibu lako akavua kofia. Tunatafuta mkanda wiki hii. Kodi ya kibati ni HZJ78L-RJMRS, nimeshaiandika ukurasa wa kwanza. Kama kuna anayejua duka lenye ule wa kweli, si ule wa boksi zuri tu, aniandikie.

Mama_Kasapa

Fakitire ya mkanda: fotokopi kwenye kaye, ya asili kwenye sanduku. Na boksi la mkanda usilitupe, kata upande wenye namba uugundishe papo hapo.