Wanaoanza wanakuja kwenye kikundi chetu cha kompyuta mara moja tu, hawarudi. Tufanyeje?

Kijana_wa_Katuba: Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Hapa Lubumbashi tuna kikundi cha watumiaji wa Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, tunakutana Jumamosi alasiri kwenye darasa la kuazima. Wazoefu hatukosi. Tunaokosa ni wanaoanza: wanakuja, wanakaa nyuma, wanaitikia kwa kichwa, juma linalofuata huwaoni. Na sasa ndio wanaotuulizia zaidi, maana Windows 10 iliachwa na Microsoft Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mitumba haziikubali Windows 11. Mara ya mwisho mwenzetu alieleza mambo ya seva saa nzima. Mama mmoja mwenye sekretaria, kiduka cha kuchapa na kuprinti, alikuja na laptopu yake ndani ya kikapu. Hakuitoa. Nishaurini.

Yaya_Kampemba: Leki, mdogo wangu, mama kaleta shida kwenye kikapu, ninyi mmempa hotuba! Geuzeni ratiba. Kwanza mashine za watu mezani, kila mtu na shida yake. Hotuba ije mwisho, anayeitaka abaki. Awepo mmoja mlangoni ambaye kazi yake ni kupokea tu, amuulize mgeni anataka kufanya nini na mashine yake, ampeleke kwa mtu wa kumsaidia. Na msaidizi asiguse kibodi! Ukimnyang'anya kipanya ukamaliza mwenyewe, kitu pekee alichojifunza ni kwamba wewe ni fundi.

Fundi_Ruashi: Naunga mkono, ila anzeni na kibodi. Huku kwetu kibodi za AZERTY (mpangilio wa Kifaransa) na QWERTY (wa Kimarekani) zimechanganyika, na wazoefu wanasahau kabisa. Mtu ana AZERTY, anasakinisha Linux huku mpangilio umeachwa wa Kimarekani, anaandika nenosiri "amani". Mashine imepokea "q;qni". Siku mpangilio ukirekebishwa kuwa wa Kifaransa, "amani" inakataliwa, naye anaamini Linux imemharibia mashine. Jambo jingine: kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, mara nyingi nenosiri halionekani likiandikwa, hata nyota hakuna. Mwambieni mapema, la sivyo atadhani kibodi imekufa.

Mzee_wa_Likasi: Wanangu, hili si geni. Kilabu cha Homebrew, cha wapenda kompyuta kule California, kilianza Machi 1975 kwenye gereji ya Gordon French, na kwenye mikutano ya kilabu hicho ndiko Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alikoionyesha kompyuta ya Apple I. Lee Felsenstein, aliyeongoza mikutano, aliigawa sehemu mbili: kwanza watu wanasimama mmoja mmoja kusema wana nini na wanatafuta nini, kisha wanatawanyika kutafutana. Kwa hiyo hata aliyekuja hajui mtu alijua amfuate nani. Igeni hiyo, haina gharama.

Kijana_wa_Katuba: Mzee, na mwenye aibu ya kusimama mbele za watu?

Mzee_wa_Likasi: Basi yule wa mlangoni amsemee.

Mama_Sekretaria: Mimi si yule wa kikapu, lakini kazi ni ileile. Mtu kama mimi haji kujifunza Linux. Anakuja kwa sababu mteja ameleta CV ya Word, akiifungua na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, mistari imehama. Siku moja kijana alinionyesha kwamba fonti ya Calibri haimo kwenye mashine yangu, akaniwekea Carlito ambayo herufi zake zina upana uleule, na ukurasa ukarudi mahali pake. Kijana huyo ningemfuata popote. Siku nyingine wananiambia "andika sudo", naandika, sijui nimefanya nini. Tena malizeni saa kumi, tufike nyumbani kabla ya giza. Na wale wa Jumamosi ya Sabato msiwasahau, Jumapili moja kwa mwezi ingewafaa.

Fundi_Ruashi: Megabaiti ni ghali, mgeni asiambiwe apakue pale pale. Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, peke yake ni karibu GB 3. Iwekeni kwenye flashi mapema, pamoja na programu ya Kiwix yenye Wikipedia ya Kifaransa na ya Kiswahili, inasomeka bila intaneti. Na chajini betri zote asubuhi, umeme mnaujua.

Kijana_wa_Katuba: Asanteni sana. Jumamosi hii seva zinasubiri, tunaanza saa nane na meza za shida. Mimi mwenyewe nitakaa mlangoni. Mama Sekretaria, ukipata nafasi njoo na moja ya zile CV zilizohama, tuifanyie kazi mbele ya watu. Jina la mteja lifute kwanza.

Mama_Sekretaria: Ninazo tatu. Printa mnayo?