Milioni 20: hisa, mkopo wa kugeuka hisa, au halmashauri?

KijanaUyole: Shikamooni wakuu. Nina miaka 23. Mimi na wenzangu wawili tuna programu ya simu inayokusanya oda za viazi kwa wauza chipsi wa Mwanjelwa, mzigo unashuka moja kwa moja kutoka Uporoto. Mzee mmoja anaweka milioni 20 achukue asilimia 20. Mwingine anakopesha hiyo hiyo, deni ligeuke hisa baadaye. Mama anasema niende halmashauri.

Hesabu_Iringa: Kamwene. Mmekubaliana kampuni ina thamani gani?

KijanaUyole: Milioni 100.

Hesabu_Iringa: Kabla ya hela yake au baada? Hapo ndipo vijana mnapopigwa. Kama ni kabla, ikiingia 20 inakuwa 120, na fungu lake ni asilimia 16.7 tu. Akichukua asilimia 20, amekuthaminisha milioni 80. Tena uliza: ananunua hisa mpya au zako? Mpya, hela inaingia kampuni. Zako, hela ni yako, kampuni haioni hata ya mafuta ya bodaboda.

Lumbesa: Asilimia 20 mapema hivi ni lumbesa, unalipwa gunia moja umejaza moja na nusu. Chukua mkopo wa kugeuka.

Hesabu_Iringa: Nao una meno. Ukiwekewa ukomo wa thamani wa milioni 80, yaani hageuzi deni kwa thamani inayozidi hapo, mwekezaji ajaye akikuthaminisha 160, huyu anageuza kwa bei ya 80: milioni 20 yake inakuwa kama 40. Na siku ya mwisho ya mkopo ikifika hamjapata mwekezaji, anadai chake.

MamaVikoba_Mafinga: Mwanangu, mama yako hajakosea. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 4 ni ya vijana, haina riba. Ila ni kwa kikundi, na marejesho hayangoji. Kwa magunia ya kuuza wiki hii, sawa. Kwa kumlipa mtengeneza programu mwaka mzima, hapana. Mimi nilichanganya, nikauza cherehani mbili.

KijanaUyole: Na wenzangu? Tuligawana theluthi theluthi, mmoja kapata kazi Dodoma, kahamia.

Lumbesa: Ebo! Si ungeanza na hilo?

Hesabu_Iringa: Ameondoka na theluthi nzima? Marekani waasisi hupewa hisa kidogo kidogo, kwa kawaida miaka 4, na ukitoka kabla ya mwaka huna kitu. Nyie kwa msajili wa biashara na kampuni, BRELA, mmeandikaje?

KijanaUyole: Tuna jina la biashara tu.

Hesabu_Iringa: Mdogo wangu, jina la biashara halina hisa. Huyo mzee ananunua nini?

KijanaUyole: Ndaga fijo, kaka. Ngoja nimpigie wa Dodoma kwanza.