Spika zenye amplifaya ndani, spika kavu, au saundiba: bajeti ndogo iende wapi?

SebuleTulivu
Wakuu, nalinganisha njia tatu za kupata sauti safi sebuleni kwa bajeti ndogo. Chumba ni mita 4 kwa 5, na kutoka kochi hadi ukuta wa runinga ni kama mita 3. Muziki ndio kazi kubwa, runinga inafuata. (a) Jozi ya spika za studio zenye amplifaya ndani, wufa (spika ya sauti nzito) inchi 5. (b) Spika kavu zilizotumika, yaani zisizo na amplifaya ndani, pamoja na amplifaya ndogo ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi kama joto). (c) Saundiba, yaani boksi refu la spika la kuweka chini ya runinga, na subwufa yake, boksi la besi. Kwa fedha ileile, ipi inashinda?

Koili_Moja
(c) iondoe kwanza. Kushoto na kulia vimebanwa kwenye boksi moja lisilozidi mita moja hivi, kwa hiyo ukikaa kwenye kochi kila kitu kinatokea katikati. Pili, spika za ndani ni ndogo, inchi 2 au 3, hazishuki chini, hivyo subwufa inalazimika kupanda hadi Hz 150 au zaidi kuziba pengo. Kwa masafa hayo sikio linajua sauti inatokea wapi: mwimbaji mwenye sauti nzito anakuwa nusu mbele yako, nusu kwenye kona. Sifa yake ni waya mmoja wa HDMI ARC (mlango wa HDMI unaotoa sauti ya runinga) na rimoti moja. Kama ingekuwa ni filamu tu nisingebisha.

Mimi ni wa (b), ila usianze na wati, anza na ufanisi wa spika, yaani sauti inayotoa kwa wati moja. Spika ya dB 90 (wati 1, mita 1) inahitaji nusu ya wati za spika ya dB 87 kufikia sauti ileile, na robo ya zile za spika ya dB 84. Chukua spika ya dB 88 na wati 20 za kweli: wati 20 zinaongeza dB 13, umbali wa mita 2.5 unakula 8, unabaki na 93 kabla ya spika ya pili na kuta kuongeza za kwao. Hapo mazungumzo sebuleni yameshakufa.

bi_desibeli
Kuhusu (c) sina neno. Kwenye (b), hizo "wati 20 za kweli" ndipo penye shughuli. Amplifaya ndogo za chipu ya TPA3116 zinauzwa kwa majigambo ya wati 100 kila upande huku zikija na chaja ya volti 19. Piga hesabu mwenyewe: volti mara volti, gawanya kwa mara mbili ya ohmu. Kwa spika ya ohmu 8 ni 361 gawanya kwa 16, wati 22.5 basi, na hiyo ni kikomo kabisa, kabla hujatoa kinachopotea ndani ya amplifaya. Ukiweka volti 24 unapata 36. Ampea nazo zitoshe: spika za ohmu 4 kwenye chaja ya ampea 2, kila dramu likipigwa volti zinazama, sauti inakwaruza, na lawama anabebeshwa spika. Ukilazimisha, mawimbi yanakatwa vichwa, nguvu ya ziada inakimbilia masafa ya juu, twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) inaungua. Chukua chaja ya volti 24, ampea 5.

Kwa (a) hayo yote mtengenezaji ameshayamaliza: krosova, yaani saketi inayogawa sauti nzito na nyembamba, iko kabla ya amplifaya, wufa ina amplifaya yake na twita ya kwake. Hakikisha tu ni hivyo kweli. Kuna jozi ambazo spika moja imebeba kila kitu na ya pili inavutiwa waya wa kawaida wa spika. Hiyo ni (b) iliyovaa kanzu ya (a).

Kasoro zake nazo zisifichwe. Nyingi zina kasauti kadogo ka "shiiii" kwenye twita ambako ukiwa karibu usiku unakasikia. Kila spika inadai soketi yake ya umeme. Rimoti mara nyingi hakuna, na mlango wa kuingiza sauti ya runinga pia hakuna, hivyo utahitaji DAC (kifaa cha kugeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analogi) yenye mlango wa optiko, yaani waya wa mwanga, na kitufe cha sauti. Kisha ingia kwenye mipangilio ya runinga uchague PCM, sauti ya kidijitali isiyofungwa. Ikiachwa kwenye Dolby, DAC ya kawaida ama inanyamaza ama inatoa kelele.

FundiKrosova
Anayekwenda (b) ajue kukagua kabla ya kulipa. Toa kitambaa cha mbele, gusa ukingo wa koni. Ukingo wa sponji huoza kwa umri na unyevu. Ukimeguka kwenye kidole, spika inahitaji ukingo mpya, kazi inayofanyika lakini ipunguze bei. Ukingo wa mpira unadumu zaidi. Halafu sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda au imeungua, achana nayo.

Multimita kwenye terminali: spika ya ohmu 8 husoma kama 5.5 hadi 7, ya ohmu 4 kama 3 hadi 3.8. Angalieni hapa, wengi wanateleza: kipimo hicho kinaona wufa tu. Mbele ya twita kuna kepasita inayozuia mkondo mnyoofu (DC) ambao multimita inapimia, kwa hiyo twita iliyokufa haijionyeshi. Twita ipime kwa muziki wa sauti ndogo, wufa imefunikwa kwa mto, sikio limesogezwa.

Ikiwa twita ni nzima lakini upande mmoja ni hafifu, tazama kepasita za krosova. Badilisha pande zote mbili, mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na ziwe zile zisizo na chanya wala hasi.

Ohmu_Nne
Waya: shaba ya mm² 1.5 inatosha mita 5 bila wasiwasi. Ukivuka mita 10 kwa spika za ohmu 4, chukua 2.5. Zaidi ya hapo ni kununua rangi ya plastiki. Jihadhari na alumini iliyopakwa shaba: kwangua uzi kwa kisu, ukiona weupe ndani, panda saizi moja.

SebuleTulivu
Naelekea (a). Swali: laptopu ikiwa kwenye chaja itaunguruma? Na spika zikae wapi?

bi_desibeli
Mngurumo ukija na kuondoka na chaja, ni mzunguko wa ethi: vifaa viwili vimeunganishwa kwa ethi na pia kwa waya wa sauti. Chomeka vyote kwenye soketi moja ya upanuzi. Usipokoma, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti, au pitisha sauti kwa optiko. Waya wa ethi kwenye plagi usiukate kamwe. Ndio unaokulinda bodi ikivuja umeme.

Koili_Moja
Nimeshindwa kwa heshima, dada. Kwenye uwekaji: spika mbili na kichwa chako vitengeneze pembetatu ya pande sawa, mita 2 hadi 2.5, twita usawa wa sikio. Ukuta wa nyuma unarudisha besi kinyume: spika ikiwa mita 1 kutoka ukutani, shimo, yaani besi kupungua, linatokea karibu na Hz 86, nusu mita, karibu na 171. Kwa hiyo ama isogeze karibu kabisa na ukuta na upunguze besi kwa swichi iliyo mgongoni, ama ivute mbele, na umbali wa ukuta wa pembeni usiwe sawa na wa nyuma. Kochi lisiegemee ukuta: chumba chako cha mita 5 kinavuma kwenye Hz 34 na 69, na ukutani ndipo mvumo ulipo mkali zaidi. Zulia zito sakafuni kati yako na spika linapunguza ukali wa juu. Besi haliigusi.

FundiKrosova
Na siku ya kwanza cheza rekodi ya mono, yaani yenye sauti ileile kushoto na kulia. Sauti isipokaa katikati, na besi imetoweka, waya za spika moja zimegeuzwa; chunguza waya za XLR (plagi ya pini tatu ya spika za studio) kwanza kabla hujarudisha boksi dukani.